Chuma Huzeeka, Kazi Hubaki

Nikiona watu wakicheka duka ati linatumia programu ya hesabu ya kitambo, najiuliza: kwani hawajui historia?

Mwaka 1959 IBM ilitangaza kompyuta ya 1401. Kampuni nyingi zikaandikia humo mishahara, madeni na stoo. Desemba 1963, Honeywell ikaja na H-200, mashine mpya iliyoweza kuchukua programu za 1401 bila mteja kuanza upya. Oda zikamiminika. IBM ikashtuka. Aprili 7, 1964 ikatangaza System/360, na baadhi ya mashine zake ziliweza kujifanya 1401.

Unaona? Mteja hakung'ang'ania chuma. Alilinda miaka ya kazi iliyokuwa ndani ya programu, na aliyeiheshimu ndiye aliyepata biashara.

Leo ni vilevile. Windows ya biti 64 haifungui programu za DOS yenyewe, lakini DOSBox inaweza kuigiza kompyuta ya zamani. So ukimuuzia mwenye duka mashine mpya, usianze na "tupa hiyo kitu." Muulize kwanza: madeni ya wateja wako yameandikwa wapi?