Nguvu za Ndoa Zinapopungua: Namna ya Kuzungumza na Daktari

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Suali hili hutufikia mara kwa mara, aghlabu kwa sauti ya chini baada ya Isha, watu wameshatawanyika. Mume nguvu zake za ndoa zimepungua, anaona haya kwenda hospitali, basi humtuma kijana dukani amletee kidonge, au hununua unga wa "vumbi la Kongo" kwa mtu asiyemjua. Makala hii inaeleza hukumu yake, hatari zake, na maneno ya kumwambia daktari.

Hukumu ya kujitibu

Haya ni maradhi kama maradhi mengine. Mtume (S.A.W) ametuamrisha kujitibu, na akatufundisha kuwa kila maradhi yameteremshiwa dawa yake.

Ama kuona haya, ni jambo jema ila pale linapomzuia mtu kupata haki yake. Mke aliyeachwa na Rifaa, alipoolewa na mume wa pili, alikuja kwa Mtume kulalamika kuwa mume huyo hana nguvu. Khalid bin Said, aliyekuwa mlangoni, alitaka mwanamke yule akatazwe kusema hayo. Mtume hakuzidisha juu ya kutabasamu, kisha akamjibu. Ikiwa jambo hili lilisemwa mbele yake, vipi lisisemwe mbele ya tabibu?

Kufunua uchi kwa ajili ya matibabu kunaruhusiwa kwa kiasi cha haja tu, na mwanamme kwanza atafute daktari mwanamme. Dawa yenyewe ni halali kwa mume na mkewe, maadamu haimdhuru.

Kwa nini upimwe kwanza

Mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, hivyo huweza kuanza kuziba mapema. Wapo ambao upungufu huu kwao ni ishara ya kwanza ya maradhi ya moyo. Sababu nyengine ni kisukari, shinikizo la damu, sigara, huzuni nzito, na baadhi ya dawa za presha. Anayemeza kidonge bila ya kupimwa huenda akaificha dalili na kuyaacha maradhi yaendelee.

Hatari ya kuficha

Dawa zinazojulikana zaidi ni sildenafil (Viagra) na tadalafil (Cialis). Zote hutanua mishipa ya damu. Anayetumia dawa za kifua za jamii ya naitreti, kama ile inayowekwa chini ya ulimi, asizitumie kabisa, kwani zikikutana presha huweza kuporomoka ghafla na mtu akafa. Anayetumia dawa za tezi dume au za presha naye aseme mapema.

Hatari iko upande wa pili vilevile. Mtu akimeza kidonge usiku kisha akashikwa na kifua, daktari wa zamu lazima ajue. Naitreti haitolewi ndani ya saa 24 baada ya sildenafil, wala ndani ya saa 48 baada ya tadalafil. Kwa hiyo mke naye aambiwe, maana huenda yeye ndiye atakayeulizwa wakati mume hawezi kusema.

Usijidanganye kwa jina la mitishamba. Wakaguzi wa dawa katika nchi mbalimbali wamekuta sildenafil imechanganywa kwa siri katika bidhaa zinazoitwa za asili.

Maneno ya kumwambia daktari

Sema wazi: "Dokta, nina tatizo katika tendo la ndoa. Uume hausimami kama zamani." Kisha mueleze:

- Limeanza lini, na kama limekuja ghafla au kidogo kidogo.
- Kama bado unasimama alfajiri unapoamka.
- Dawa zote unazotumia, za hospitali na za miti.
- Kama unapata maumivu ya kifua au pumzi hukukatika unapopanda ngazi.
- Kama unavuta sigara.

Muulize kipimo cha dawa, wakati wa kuimeza na madhara yake. Kichwa kuuma na uso kuwaka joto hutokea kwa wengi. Lakini uume ukisimama zaidi ya muda wa saa 4, au macho yakipoteza nuru ghafla, kimbilia hospitali. Katika Ramadhani kidonge kimezwe usiku, kwani mchana kinafunguza.

Baina ya mke na mume

Mke asimtangaze mumewe kwa mashoga, na mume asimtuhumu mkewe wala kukimbilia kupigiwa ramli. Kusomewa Qur'ani na kwenda hospitali havipingani. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mume aliyeshindwa kabisa kumuingilia mkewe tangu ndoa, mke akishitaki na ikathibiti, Kadhi humpa mume muhula wa mwaka 1 kabla mke hajapewa hiari ya kuvunja ndoa. Ikiwa sheria imetoa mwaka mzima wa kungojea, basi na mtoke mkamuone daktari wiki hii.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu na azitie mapenzi nyumba zetu. Wallahu aalam.