Kichwa cha Dodo Kinachofundisha Oxford

Mwaka 1683 Chuo Kikuu cha Oxford kilifungua Makumbusho ya Ashmole katika mtaa wa Broad Street. Juu viliwekwa vitu alivyovitoa Elias Ashmole, vingi vikiwa vimekusanywa na akina Tradescant, baba na mwana, watunza bustani mashuhuri. Katikati palikuwa na ukumbi wa mihadhara, na chini kabisa maabara ya kemia. Msimamizi wa kwanza, Robert Plot, ndiye aliyekuwa pia profesa wa kemia. Kutazama, kusikiliza na kujaribu kwa mikono, yote yalikuwa chini ya paa moja.

Karne mbili hivi baadaye, daktari Henry Acland na wenzake walidai sayansi zote zipate nyumba ya namna hiyo. Jengo lao la makumbusho lilifunguliwa mwaka 1860, maabara na vyumba vya kufundishia vikizunguka ukumbi mkubwa. Hata nguzo ni somo: zimechongwa kwa mawe ya aina mbalimbali ya Uingereza na Ireland, na jina la kila jiwe limeandikwa hapo hapo. Idara zilipokua zilihamia majengo yao. Naona hapo ndipo vyuo vingi vilipokosea, vikaiachia makumbusho kazi ya kupokea wageni.

Bahati nzuri, dodo wa makumbusho ya Oxford hakuachwa kabatini. Ndege huyu wa Mauritius, kisiwa cha Bahari yetu ya Hindi, alitoweka duniani katika karne ya 17. Dodo huyo wa Oxford alitoka kwa akina Tradescant akiwa mwili mzima uliokaushwa, lakini alioza hata vikasalia kichwa na mguu mmoja. Kichwa hicho bado kina ngozi, jambo lisilopatikana kwa dodo mwingine yeyote. Katika miaka ya 1840 kilipasuliwa upande mmoja kwa ajili ya uchunguzi wa wanasayansi Strickland na Melville, na kitabu chao cha 1848 kikathibitisha kwamba dodo ni wa ukoo wa njiwa. Mwaka 2002 chembe za urithi kutoka mguuni zilionyesha jamaa yake wa karibu aliye hai ni njiwa wa Nicobar.

Mwaka 2018 kichwa kilipigwa picha za eksirei. Kisogoni yakaonekana marisawa ya risasi. Kabla ya hapo watu walidhani huenda huyu ndiye dodo aliyewahi kuonyeshwa London akiwa hai. Sasa wanafunzi wana kesi mpya ya kuchunguza: nani alimpiga, na wapi?