Sidi Mubarak Bombay na Mgawanyo wa Uhusika katika Filamu ya Mountains of the Moon

Mountains of the Moon, filamu iliyoongozwa na Bob Rafelson na kutolewa mwaka 1990, huhesabiwa miongoni mwa filamu za kihistoria zinazowahusu wavumbuzi wa Kiingereza. Ikitazamwa kutoka Majengo, mjini Songea, filamu hiyo inamhusu pia mtu wa jirani. Barabara itokayo Songea kwenda mashariki hupita Namtumbo na kufika Tunduru, katika eneo la Wayao. Sidi Mubarak Bombay, ambaye katika filamu ni msaidizi wa msafara, alizaliwa Myao mnamo mwaka 1820, karibu na mpaka wa sasa wa Tanzania na Msumbiji. Alipotekwa, akiwa na umri wa takribani miaka 12, Wangoni hawakuwa wamefika huko na Songea haikuwapo hata kwa jina.

Uhusika mkuu walipewa Patrick Bergin, aliyeigiza Richard Burton, na Iain Glen, aliyeigiza John Hanning Speke. Istilahi ya "waigizaji wa Kiingereza" inahitaji tahadhari hapa, kwa kuwa Bergin ni Mwairishi wa Dublin na Glen ni Mskoti wa Edinburgh. Bombay aliigizwa na Mkenya Paul Onsongo. Uhusika wa Mabruki alipewa Delroy Lindo, mzaliwa wa London mwenye wazazi kutoka Jamaika. Bergin na Glen wanaigiza kwa ustadi usiopingika: urafiki unaogeuka uhasama unaonekana usoni mwao kabla haujatamkwa. Tatizo ni kwamba ustadi huo umeifanya safari ya mwaka 1857 hadi 1859 kuwa ugomvi wa watu wawili.

Inawezekana kudai kuwa filamu haikuwa na njia nyingine, kwa sababu ilitegemea riwaya ya William Harrison pamoja na maandishi ya wagomvi wenyewe. Dai hilo halisimami. Speke mwenyewe aliandika masimulizi ya Bombay kuhusu maisha yake: kijiji kuvamiwa na watu wenye bunduki kwa kisingizio cha madeni, mateka kupelekwa Kilwa, kisha yeye kuuzwa na kuvushwa bahari hadi India, alikoishi miaka mingi kabla ya kuachwa huru kwa kifo cha bwana wake. Kwa hiyo simulizi hilo lilikuwamo katika chanzo kilekile. Kuliacha pembeni ulikuwa uamuzi wa watunzi, wala si upungufu wa ushahidi.

Suala la lugha linaonesha uzito wa uamuzi huo. Speke hakumudu Kiswahili; alizungumza na Bombay kwa Kihindustani kisicho kamili, naye Bombay akayafikisha maneno kwa wapagazi na watemi. Mnamo tarehe 3 Agosti 1858, Speke alipofika katika ziwa aliloliita Victoria, maelezo aliyopata kwa wenyeji kuhusu ukubwa wa maji hayo yalipita katika mnyororo huo wa tafsiri. Sehemu ya ubishi wa Burton kuhusu chanzo cha Nili ilihusu uzito wa maelezo hayo. Mkalimani, basi, alikuwa kiini cha mgogoro ambao filamu imewaachia Bergin na Glen peke yao.

Masimulizi ya filamu yanakoma baada ya kifo cha Speke, tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala uliopangwa kufanyika Bath. Kwa Bombay, mwaka huo haukuwa mwisho wa lolote. Alikwisha kurudi na Speke na James Grant katika safari ya 1860 hadi 1863. Mwaka 1871 alikuwa mkuu wa askari katika msafara wa Henry Morton Stanley uliomtafuta Livingstone, na kuanzia 1873 alifuatana na Verney Lovett Cameron kulivuka bara hadi pwani ya Angola. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtunukia medali ya fedha na pensheni. Alifariki mwaka 1885, ambao ndio mwaka Ujerumani ilipotangaza himaya yake katika Afrika Mashariki.