Kutafutwa kwa Mtu Asiyezaliwa

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Thika hupitia Ruiru. Katika siku za walowezi nchi hiyo ilikuwa ya mashamba makubwa ya kahawa na katani. Baadaye Thika ikawa mji wa viwanda na wa mananasi. Watu wengi walilima, wakachuma na kubeba mizigo huko, na jioni wakarudi kulala juu ya ardhi isiyo yao. Magharibi ya barabara hiyo, si mbali na Ruiru, lipo gereza la Kamiti. Humo Waingereza walimnyonga Dedan Kimathi tarehe 18 Februari 1957. Humo pia, miaka 15 baada ya uhuru, mfungwa mmoja alitunga riwaya ya maajabu. Kisa cha riwaya hiyo, na cha nduguye aliyeifuata, chafaa kukumbukwa na kila kijana apendaye vitabu.

Mfungwa huyo alikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru na mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwezi wa Julai 1977 alitoa kwa Kiingereza riwaya iliyowakaripia vikali wakubwa wa nchi. Hakuguswa, waziri wa fedha, Mwai Kibaki, ndiye aliyeizindua. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ walianza kucheza mchezo wa kuigiza alioutunga pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Nao uliwakaripia wakubwa, lakini kwa lugha ya Kikuyu, mbele ya wakulima na vibarua. Mwezi wa Novemba serikali iliuzuia, na siku ya mwisho ya mwaka mtungaji alikamatwa. Hakupelekwa mbele ya hakimu yeyote. Yaliyovumilika katika lugha ya wachache hayakuvumilika katika lugha ya wengi.

Huko Kamiti Ngũgĩ aliazimu kuandika riwaya kwa lugha ile ile iliyomtia kifungoni. Daftari hakuwa nalo, akaandika juu ya karatasi za msalani. Karatasi hizo zilikuwa ngumu, mbaya kwa kazi yake lakini njema kwa kalamu. Siku moja askari wa gereza walipekua chumba chake wakazichukua zote. Baada ya majuma machache mkuu wa gereza alimrudishia, akisema hakuona ubaya ndani yake. Tarehe 12 Desemba 1978 Ngũgĩ aliachiliwa, na mwaka 1980 kitabu kikachapishwa kwa jina la Caitaani Mũtharabainĩ. Kinasimulia karamu ya Shetani pangoni, ambamo wezi wakubwa wa nchi wanashindana kujisifu kwa wizi wao. Kilisomwa kwa sauti majumbani, katika magari ya abiria na mahali pa kunywea pombe. Asiyejua kusoma alisikiliza. Mwaka 1982 kilitoka kwa Kiswahili, kikiitwa Shetani Msalabani.

Mwaka huo wa 1982 Ngũgĩ alikuwa Uingereza, naye akaona si salama kurudi. Huko ugenini aliandika riwaya nyingine ya Kikuyu, Matigari, iliyotolewa Nairobi mwaka 1986. Matigari ma Njirũũngi, maana yake waliosalimika na risasi, ni jina la shujaa wake. Anatoka msituni baada ya vita virefu na mlowezi, anazika silaha yake chini ya mti wa mũgumo, anajifunga mshipi wa amani, kisha anakwenda kudai nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Anakuta wanawe wapigania uhuru hawana pa kulala, na mwana wa mlowezi na mwana wa mtumishi wake wanatawala pamoja. Basi anazunguka nchi nzima akiuliza swali moja: ukweli na haki vyapatikana wapi? Mawe anayotupiwa hayampati, na kuta za jela hazimzuii. Nchi yenyewe haikutajwa jina, wala mwaka haukuwekwa. Mwandishi anamwachia msomaji achague mwenyewe.

Kama alivyosimulia Ngũgĩ, mwanzoni mwa 1987 wapelelezi wa serikali ya Rais Daniel arap Moi walileta habari kwamba katika sehemu za kati za Kenya watu wanamzungumza mtu aitwaye Matigari, anayezunguka akidai ukweli na haki. Amri ikatolewa akamatwe. Polisi walitafuta, mwisho wakagundua kuwa mtu huyo yumo kitabuni tu. Ndipo, mwezi wa Februari, walipoingia katika maduka ya vitabu wakazoa nakala zote.

Ni rahisi kuwacheka wapelelezi wale, lakini tusicheke upesi. Wahenga walisema, lisemwalo lipo. Na kama halipo, laja. Matigari hakuwa na mwili, lakini swali lake lilikuwa nao. Lilikuwa midomoni mwa kila kibarua aliyewahi kuchuma kahawa asiyoinywa na kujenga nyumba asiyoilala. Watawala walikosea mtu, hawakukosea kitu cha kuogopa. Kosa lao kubwa lilikuwa kudhani kwamba swali likiondolewa dukani limeondolewa nchini.

Mwaka 1989 Matigari ilitoka kwa Kiingereza kwa tafsiri ya Wangũi wa Goro, ikasomwa katika nchi nyingi. Mtungaji alirudi kuiona Kenya mwaka 2004, baada ya miaka 22, na akafariki Marekani tarehe 28 Mei 2025. Utawala uliotoa amri ile umekwisha. Hadithi ingali inasomwa, na swali la Matigari lingali linamngoja msomaji ambaye, kama mwandishi alivyomwachia, atachagua mwenyewe ni nchi gani na ni mwaka gani.