Ukili na Utepe wa Kufumwa

Ukili ni msuko mwembamba wa majani unaoshonwa ukingo kwa ukingo mpaka ukawa mkeka. Katika vijiji vya Handeni na Korogwe husukwa kwa ukindu, majani machanga ya mkindu yaliyoanikwa, yakachanwa na pengine kuchemshwa na rangi. Nduguye ni shupatu, msuko unaowambwa kitandani mahali pa kamba.

Ukili hauhitaji chombo. Chane zote zina kazi moja: hupishana mshazari, na kila moja ikifika ukingoni hukunjwa na kurudi ndani. Huko ndiko kusuka. Kufuma kunataka nyuzi za namna mbili: mtande, uliokazwa kwa urefu, na mshindio, unaokatiza kwa upana. Chombo chake ni kitanda cha mfumi, jina linalofaa sana, kwani kitanda na mtande vyote vimetoka katika kutanda.

Kitanda cha kufumia tepe ni kidogo mno. Ncha moja ya mtande hufungwa kwenye nguzo na nyingine kiunoni mwa mfumi, hivyo akijisogeza nyuma uzi unakaza, akisogea mbele unalegea. Katikati hukaa kibao chenye matundu na mianya kwa kupokezana. Nyuzi zilizo matunduni hufuata kibao kikiinuliwa au kushushwa. Za mianyani hubaki palepale. Nyuzi hizo zinapoachana ndipo mshindio unapopitishwa na kugongwa.

Anayejifunza husumbuliwa zaidi na kingo. Akiuvuta mshindio kupita kiasi utepe husinyaa, akiulegeza huacha vitanzi pembeni. Rangi, kinyume cha wanavyodhani wengi, haziamuliwi wakati wa kufuma: mtande wa utepe hubanana hata ukaufunika mshindio, kwa hiyo michirizi hupangwa nyuzi zinapotandwa.

Pwani lipo pia neno taraza, ukingo mwembamba wa hariri unaofumwa kwenye ncha za nguo kama kilemba. Hiyo ni sehemu ya nguo. Kipande kinachosimama peke yake ni utepe. Kukiita ukili kungemfanya msukaji wa mikeka atafute ukindu, kwa hiyo “utepe wa kufumwa” ni istilahi salama zaidi, na chombo kiitwe “kitanda cha tepe”. Kile kibao chaweza kuitwa “kibao cha mtande”.