Meneja Kwenye Benchi

Kabla ya 1970, meneja wa kiwanda cha umma Tanzania alikuwa bwana mkubwa: akikohoa, karakana nzima hunyamaza. Februari mwaka ule ukaja Waraka wa Rais Namba 1, ukaagiza mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwaka uliofuata chama tawala, TANU, kikatoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kikamkataza kiongozi majivuno, dharau na ubabe.

Mimi nilikuwa karani wa kuandika mihtasari ya baraza la kiwanda chetu, kwa hiyo nilikaa karibu na mlango na kuona nyuso zote. Tulikutana kantini. Meneja wetu wa kwanza alikuja na majibu tayari. Sisi tuliitwa kuyasikia tu, na kwa kweli waraka wenyewe ulilipa baraza kazi ya kushauri, si kuamua. Aliyemfuata alikaa kwenye benchi, akauliza swali moja: kwa nini mashine ya tatu husimama kila zamu ya usiku? Akanyamaza. Ukimya ule ulitutesa! Hatimaye mpakaji mafuta wa mashine, mtu asiyewahi kusema mkutanoni, akaeleza kuwa stoo ya mafuta hufungwa saa kumi na mbili jioni. Funguo zikahamia kwa msimamizi wa zamu.

Kwingine subira iliisha. Migomo ilienea, mameneja wakafungiwa nje, na 1973 wafanyakazi wa Mount Carmel, kiwanda cha mpira Dar es Salaam, wakakitwaa kiwanda chenyewe. Serikali ya chama kilichoandika kifungu cha 15 haikufurahia kukiona kikisomwa kwa sauti langoni.