Mkono wa Petula Ulimtisha Nani?

Juma hili tuzungumze juu ya mkono. Si mkono wa kupiga wala wa kuiba. Ni mkono wa mwanamke aliyekuwa akiimba, ukatua juu ya mkono wa mwanamume aliyesimama kando yake. Jambo hilo lilichukua muda mfupi mno, lakini lilitikisa kampuni kubwa ya magari, likaandikwa magazetini, na mtu mmoja akapoteza madaraka yake.

Mwanamke huyo alikuwa Petula Clark, mwimbaji wa Kiingereza ambaye wimbo wake "Downtown" ulikuwa umeshika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1965. Mwanamume alikuwa Harry Belafonte, Mmarekani Mweusi ambaye asili ya wazazi wake ni Jamaika. Ilikuwa mwezi Machi 1968, na walikuwa wakirekodi kipindi maalumu cha televisheni kwa ajili ya shirika la NBC.

Huenda vijana hawavifahamu vipindi vya namna hiyo. Wamarekani wa miaka ya hamsini na sitini walivipenda sana. Kulikuwa na mwenyeji, ambaye mara nyingi alikuwa mwimbaji au mchekeshaji. Aliwaalika wageni, wakafanya mzaha, wakacheza dansi, na kila kipindi kilikuwa na pahali pake pa heshima: mwenyeji na mgeni wanasimama pamoja na kuimba wimbo mmoja kwa kupokezana. Sisi wa redio tukiwapigia wimbo wa watu wawili, mnasikia sauti mbili basi. Kwenye televisheni kamera inasogea. Mtazamaji anaona wametazamana vipi, nani kacheka, nani kamsogelea mwenzake.

Tena ni lazima kukumbuka nani alilipa gharama. Mtazamaji hakulipa hata senti. Kipindi kililipiwa na mwenye sabuni, mwenye sigara, mwenye poda au mwenye magari. Huyo ndiye mdhamini, na kila alipotaka jambo fulani liondolewe hakusema "mimi silipendi". Alisema "watazamaji wa Kusini hawatakubali". Nawaombeni mshike maneno hayo, maana habari nzima imo humo.

Mtu mmoja aliyeumia vibaya kwa maneno hayo alikuwa Nat King Cole. Sauti yake mnaifahamu, laini kama samli. Novemba 1956 NBC walimpa kipindi chake mwenyewe, kwanza dakika 15 kwa juma, kisha katika mwaka 1957 kikawa nusu saa. Wenzake weupe na weusi walikuja kuimba naye kwa malipo madogo sana ili kumsaidia: Peggy Lee, Tony Bennett, Ella Fitzgerald, Belafonte naye akiwemo. Lakini mdhamini wa nchi nzima hakupatikana. Shirika likabeba mzigo wenyewe kwa zaidi ya mwaka, na Desemba 1957 Cole akafunga. Februari 1958 aliandika katika gazeti la Ebony kueleza sababu, na lawama zake hakuzielekeza kwa mtazamaji wa Alabama. Alizielekeza kwa mawakala wa matangazo ya biashara waliokaa New York.

Cole alikuwa na haki ya kuwaogopa watu wa Alabama kuliko mtu ye yote. Tarehe 10 Aprili 1956 alikuwa akiwaimbia watazamaji weupe mjini Birmingham, wazungu kadhaa wakapanda jukwaani, wakamwangusha. Ilikuwa njama iliyopangwa. Hilo husimuliwa mara nyingi. Linalosahauliwa ni lile lililofuata: Cole alipotoka tena kuwaaga watu, ukumbi huo huo wa weupe ulisimama na kumpigia makofi kwa dakika kadhaa. Hakuweza kuendelea kuimba. Ninyi niambieni, watazamaji wa Birmingham ni wapi, wale wachache waliopanda jukwaani au wale mamia waliosimama? Wakala wa matangazo alikwisha jijibu.

Belafonte mwenyewe yalimkuta. Desemba 1959 alifanya kipindi maalumu kwa shirika la CBS, kikidhaminiwa na Revlon, watengenezaji wa vipodozi. Kilisifiwa sana, na mwaka 1960 kikampatia tuzo ya Emmy, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuipata. Akafanya cha pili, Novemba 1960, safari hii weusi na weupe wakicheza na kuimba pamoja. Mpango ukafa hapo. Belafonte alisimulia baadaye kwamba aliambiwa achague: weusi peke yao au weupe peke yao, lakini si mchanganyiko. Sababu? Kusini hawatakubali. Aliondoka.

Kwa hiyo mtu aliyeingia studio mwaka 1968 hakuwa mtoto katika mambo haya. Wala hakuwa mgeni kwetu Afrika Mashariki. Tom Mboya alipotafuta nauli za ndege ili vijana wa Kenya wakasome Marekani mwaka 1959, Belafonte alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Na mwaka 1965 alitoa sahani pamoja na Miriam Makeba wa Afrika Kusini, ambamo waliimba wawili "Malaika" kwa Kiswahili. (Ugomvi wa nani alitunga wimbo huo tuuache, hautakwisha leo.) Sahani hiyo ilipata tuzo ya Grammy mwaka 1966.

Basi, Petula na Belafonte wakaimba "On the Path of Glory", wimbo wa kulaani vita ambao Petula alishiriki kuutunga. Waliurekodi zaidi ya mara moja. Katika moja ya marudio hayo, wimbo ulipopanda, Petula alimsogelea mwenzake na kumshika mkono. Hakuna aliyepanga. Ofisa wa matangazo wa mdhamini, yaani Plymouth, tawi la kampuni ya Chrysler, akapandwa na hasira. Akataka itumike picha nyingine, ile ambayo wawili hao wamesimama mbalimbali. Hofu yake ilikuwa ile ile: watazamaji wa Kusini, na wanunuzi wa magari.

Hapo ndipo Petula Clark alipoonyesha kwamba yeye si sauti tu. Kipindi kilikuwa mali yake na ya mumewe, Claude Wolff. Wakakataa. Zaidi ya kukataa, wakahakikisha marudio mengine yote ya wimbo huo yamefutwa, wakapeleka NBC kipindi chenye mkono ndani yake. Atakayetaka kuutoa mkono autoe na wimbo mzima. Mimi nafanya kazi katika studio, nawaambieni: kufuta kanda kwa makusudi ni jambo linalomkosesha fundi usingizi. Wao walifuta.

Habari zikavuja kabla ya kipindi kurushwa. Kampuni ikaomba radhi, na ofisa yule akaondolewa katika kazi yake. Ikabaki kusubiri watazamaji wenyewe waseme.

Kipindi kilipangiwa Jumatatu, tarehe 8 Aprili 1968. Alhamisi ya tarehe 4, Martin Luther King akapigwa risasi na kufa mjini Memphis. Miji mingi ya Marekani ikawaka moto. Sherehe za tuzo za Oscar, zilizokuwa zifanyike siku hiyo hiyo ya Jumatatu, zilisogezwa mbele mpaka tarehe 10. Mchana wa Jumatatu hiyo Belafonte, rafiki mkubwa wa marehemu, alikuwa Memphis kwenye maandamano pamoja na mjane, Coretta King, na watoto. Usiku nchi nzima ikamwona kwenye televisheni, akiimba na mwanamke mweupe, mkono wa mwanamke ukiwa juu ya wake.

Na watazamaji? Walitazama. Kipindi kilipata watazamaji wengi na waandishi wakakisifu. Ile ghasia iliyotabiriwa haikutokea.

Sasa msikilizaji atasema, basi hofu ile ilikuwa ya bure tangu mwanzo. Hapana, tusiende mbio. Kundi la Gallup lilipouliza Wamarekani mwaka 1968 juu ya ndoa za weusi na weupe, waliokubali walikuwa 20 tu katika kila 100. Miaka kumi kabla yake, mwaka 1958, walikuwa 4. Sheria za majimbo 16 zilizokataza ndoa hizo zilivunjwa na Mahakama Kuu ya Marekani Juni 1967 tu, miezi kumi kabla ya kipindi cha Petula. Kwa hiyo wengi waliokaa mbele ya televisheni usiku ule, ungewauliza, wangekujibu vibaya. Lakini ni wao hao waliotazama mpaka mwisho na wasivunje kioo. Mtu anayejibu swali la karani wa takwimu mlangoni si sawasawa na mtu yule yule akisikiliza wimbo mzuri sebuleni kwake. Mdhamini aliyejua kuuza magari kwa nyimbo alipaswa kulielewa hilo kuliko wote. Miaka 12 alimnyima Cole na wenzake nafasi kwa jina la mtu ambaye hakuwahi kumpa nafasi ya kutazama.

Jambo moja dogo nilirekebishe, kwa sababu linarudiwa mno. Husemwa kwamba mkono wa Petula ulikuwa mguso wa kwanza kati ya mweusi na mweupe katika televisheni ya Marekani. Si kweli. Desemba 1967, katika kipindi maalumu cha Nancy Sinatra kwenye NBC hiyo hiyo, Sammy Davis Jr. na Nancy walibusiana mbele ya kamera. Walishapita bila makelele. Tofauti ni kwamba safari ile hakuna aliyewahi kupiga kelele studioni.

Nat King Cole hakuyaona hayo. Alifariki Februari 1965. Belafonte aliishi miaka 96, akafariki Aprili 2023, na picha ya wimbo ule ikarushwa tena na vituo vingi vya televisheni. Mwonyeshe kijana wa leo bila kumsimulia kwanza. Ataitazama mpaka mwisho, kisha atakuuliza ni wapi hapo penye ugomvi.